Kusoma data za PLC kwa Python: kodi ni fupi, ramani ya rejista ndiyo kazi

MsomaRejista (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Vijana wa viwandani, kuanzia Barabara ya Nyerere, Chang'ombe mpaka Mikocheni, wananiuliza sana swali hili: "Mkuu, bosi anataka aone joto la boila na idadi ya chupa kwenye simu yake, ila bei ya SCADA, ile programu ya kusimamia mashine za kiwanda kwenye skrini, imemtoa jasho. Python inaweza?"

Inaweza kusoma namba hizo kutoka PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Na kodi yenyewe ni fupi kuliko barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Ila video nyingi za mafunzo zinaishia pale namba inapotokea kwenye skrini, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo kodi nitaipitia haraka, halafu tukae kwenye yale yanayokula muda.

Kwanza ujue PLC yako inaongea itifaki gani, yaani lugha gani ya mawasiliano, maana hakuna moja ya PLC zote. Modbus ilitolewa na Modicon mwaka 1979 na bado imejaa kila kona. Ile ya mtandao, Modbus TCP, inasikiliza poti 502. Siemens S7 wana ya kwao kwenye poti 102, na kwa Python tunatumia python-snap7. ControlLogix na CompactLogix za Allen-Bradley zinatumia EtherNet/IP, poti 44818, maktaba ni pycomm3. Hizo ni raha, unasoma tagi (data yenye jina) kwa jina lake, humkimbizi mtu na namba za rejista, yaani vijisanduku vya kuhifadhia namba ndani ya kifaa. Halafu kuna OPC UA, kwa kawaida poti 4840, maktaba asyncua. Ina vyeti na nywila, na kila data inakuja na jina na aina yake. Kama PLC yako inayo, anza nayo, usijitese.

Mimi nitakaa kwenye Modbus kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye paneli nyingi, hata kwenye mita za umeme na inveta za mota.

Kabla ya Python, hakikisha laptopu na PLC ziko mtandao mmoja. PLC ikiwa 192.168.0.10 na kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, ipe laptopu kitu kama 192.168.0.50, lakini uliza kwanza kama hakuna kifaa kingine chenye anwani hiyo. Tumia kebo, si waifai. Piga ping, ile amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu. Ping ikijibu lakini programu ikaambiwa muunganisho umekataliwa, kifaa kipo ila hakuna anayesikiliza poti hiyo, yaani Modbus haijawashwa ndani ya PLC. Ukisubiri mpaka muda unaisha bila jibu lolote, angalia kebo, anwani, au ukuta wa moto (firewall). Watu wengi huanza kubadilisha kodi wakati tatizo ni waya.

Kodi hii hapa:

```
from pymodbus.client import ModbusTcpClient

plc = ModbusTcpClient("192.168.0.10", port=502, timeout=3)
plc.connect()
jibu = plc.read_holding_registers(address=0, count=10, device_id=1)
if jibu.isError():
    print("PLC imekataa:", jibu)
else:
    print(jibu.registers)
plc.close()
```

Angalizo kwa wanaonakili kutoka mtandaoni: pymodbus imebadilisha jina la ile sehemu ya mwisho zaidi ya mara moja. Matoleo ya 2 yalitumia `unit`, matoleo ya 3 yakaleta `slave`, na kuanzia 3.10 ni `device_id`. Mfano wa zamani ukikugomea kwenye toleo jipya, anza kuangalia hapo kabla hujamlaumu fundi umeme.

Sasa ramani, yaani orodha ya rejista ipi ina maana gani. Rejista moja ya Modbus ni biti 16, namba kati ya 0 na 65535, basi. Haijui kama yenyewe ni joto, shinikizo au idadi ya katoni. Ukisoma 853 inaweza kuwa nyuzi 85.3, maana aliyeandika programu ya PLC alizidisha kwa kumi ili akwepe desimali. Inaweza pia kuwa namba ghafi kutoka kwenye sensa ya 4–20 mA, ile inayotuma kipimo kama mkondo wa umeme. Kwa Siemens, milliampia 4 hadi 20 zinageuzwa kuwa 0 hadi 27648. Kwa hiyo sensa ya bar 0 hadi 10 ikikuonyesha 13824, hiyo ni bar 5. Python haiwezi kukuambia haya. Anayajua aliyepanga PLC, au yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa paneli, au hayapo popote na itabidi uyatafute.

Kuyatafuta kwenyewe ni hivi: simama na fundi mbele ya skrini ya mashine, soma rejista zote za eneo hilo kwa mkupuo, linganisha. Skrini inasema 72.4, tafuta 724. Kama sensa ya joto inafikika salama na haijaunganishwa na kitu kitakachojiwasha, ishike kwa mkono uone namba gani inapanda. Andika kwenye jedwali: anwani, maana, kipimo, kigawanyo, nani amethibitisha. Faili hilo lina thamani kuliko kodi yote.

Karibuni tujadili.

---

KodaWaSinza

Uzi umekaa vizuri mkuu. Mimi nimetoka upande wa wavuti, nimepewa kazi ya mita ya umeme yenye Modbus TCP. Kitabu kinasema volti iko 40001. Nikiweka address=40001 napata kosa namba 2. Nikiweka 1 napata takataka. Nakosea wapi?

---

MsomaRejista

Kosa namba 2 maana yake anwani hiyo haipo kwenye kifaa. Ile 4 ya mbele si sehemu ya anwani, ni alama ya kundi: zinazoanza na 4 ni rejista za kusoma na kuandika, zinasomwa kwa amri namba 3. Zinazoanza na 3 ni za kusoma tu, amri namba 4. Halafu kuhesabu kwenye waya kunaanzia 0. Kwa hiyo 40001 ni address=0, na 40101 ni address=100. Wapo watengenezaji ambao vitabu vyao tayari vinahesabu kutoka 0, ndiyo maana nasisitiza uanze na namba unayoijua. Volti ya fezi moja inatakiwa kuwa karibu na 230, utaitambua tu.

Na hiyo takataka uliyoipata kwenye 1, naomba uiweke hapa. Nina hisia.

---

KodaWaSinza

Kwenye 0 napata 17254, kwenye 1 napata 32768.

---

MsomaRejista

Hiyo si takataka, ni nusu ya namba. Mita yako inatuma desimali ya biti 32, kwa hiyo inachukua rejista mbili. Ziunganishe:

```
import struct

def desimali(juu, chini):
    return struct.unpack(">f", struct.pack(">HH", juu, chini))[0]

print(desimali(17254, 32768))   # 230.5
```

Volti 230.5, umeme wa leo ni mzuri.

Shida ni kwamba vifaa havijakubaliana rejista ipi itangulie. Wengine wanatuma nusu ya juu kwanza, wengine ya chini. Mfano 25.5 ni rejista 16844 na 0. Ukizipindua unapata 2.36e-41. Ukiona namba ndogo ya ajabu kama hiyo, au kubwa isiyo na akili, badilisha mpangilio wa hizo mbili kabla hujagusa kitu kingine.

---

Binti_Otomesheni

Naongezea upande wa Siemens maana ndiko nakoshinda. Kaka, S7-1200 na S7-1500 zikitoka kwenye boksi hazikubali snap7 moja kwa moja. Kuna mambo mawili ndani ya TIA Portal, programu ya Siemens ya kupanga PLC. Kwanza, kwenye mipangilio ya ulinzi ya CPU ruhusu PUT/GET, yaani kifaa cha nje kufikia data. Pili, kwenye DB (bloku ya data) unayotaka kuisoma ondoa alama ya "Optimized block access", la sivyo data hazina anwani ya kudumu na snap7 haina pa kuzikuta. Baada ya hapo unashusha programu upya kwenye PLC, na hapo lazima uongee na uzalishaji, maana kushusha DB iliyobadilishwa kunaweza kurudisha thamani za mwanzo na pengine mashine ikasimama. Usifanye katikati ya zamu.

```
import snap7
from snap7.util import get_real, get_int

plc = snap7.client.Client()
plc.connect("192.168.0.1", 0, 1)
data = plc.db_read(10, 0, 6)
joto = get_real(data, 0)
chupa = get_int(data, 4)
```

Hiyo 0 na 1 ni raki na sloti, yaani nafasi CPU ilipokaa. Kwa 1200 na 1500 ni 0 na 1, kwa S7-300 ni 0 na 2. Hapa ndipo nimeona wengi wakikwama.

---

MsomaRejista

Asante dada, hilo la kushusha programu katikati ya zamu liandikwe kwa wino mwekundu.

---

MzeeWaRelei

Nimesoma taratibu mpaka hapa. Mimi ni wa kontakta na relei, PLC zilinikuta kazini. Nauliza jambo moja. Huyo Python wenu siku akiandika badala ya kusoma, pampu ikawaka wakati mtu ameingiza mkono, nani atajibu?

---

MsomaRejista

Shikamoo mzee. Swali lako lilistahili kuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Modbus haina nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao ule anaweza kusoma kwa amri 1 hadi 4 na pia kuandika kwa 5, 6, 15 na 16, mlango ni ule ule. PUT/GET ya Siemens ni hivyo hivyo: ukifungua kusoma, umefungua na kuandika. Kwa hiyo kusema "programu yangu inasoma tu" ni ahadi ya programu yako peke yake, si ya mtandao.

Ninachodai kwenye kazi yoyote ni haya. Mwenye programu ya PLC atenge eneo la data za kutolewa nje, anakili humo joto, shinikizo, hesabu, na mantiki ya mashine isisome chochote kutoka eneo hilo. Hata mtu akiandika humo, mzunguko unaofuata PLC inafuta na kuweka thamani yake. Hilo halimzuii anayelenga rejista nyingine kwa makusudi, ndiyo maana mtandao wa mashine uwe peke yake, na kompyuta inayosoma iwe na kadi mbili za mtandao, moja upande wa PLC, nyingine upande wa ofisi, bila kupitisha trafiki kati yake. Ukuta wa moto wenye kuruhusu amri za kusoma tu ukiwepo, bora zaidi. PLC isiwekwe kwenye intaneti ya wazi hata kwa jaribio la dakika tano. Stuxnet, kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa 2010, kilifika kwenye PLC za Siemens kule Iran bila PLC hizo kuwa kwenye intaneti, flashi zilitosha. Sasa wewe umefungulia poti 502 dunia nzima ili bosi aone chupa zake!

Na kitufe cha dharura kiwe cha waya, kikate umeme chenyewe. Hapo sisi wa Python hatuna ushauri wa kutoa.

---

MzeeWaRelei

Marahaba. Hapo sawa. Bado nasema: fungeni mashine kwa kufuli wakati wa majaribio. Mkono ukikatika haurudi.

---

NodiNyekundu

Mnateseka bure. Node-RED, programu ya kuunganisha vifaa kwa michoro, unavuta viboksi vitatu, imeisha. Python ya nini?

---

MsomaRejista

Kama viboksi vitatu vinakutosha, tumia mkuu, sina ugomvi. Mimi nikifika kwenye kugeuza rejista arobaini zenye vigawanyo tofauti, kuhifadhi na kutoa ripoti ya zamu, naona Python inasomeka zaidi baada ya miezi sita. Lakini ramani utaihitaji huko huko kwenye viboksi vyako.

---

Mwana_Tabata

Wakuu, mimi nimeshapata namba, zinaingia kwenye hifadhidata ya SQLite. Kero mbili. Moja, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka ila programu haiwaki. Mbili, meneja anasema ripoti ya zamu "imekosea masaa". Nasoma kila milisekunde 50, rejista 60, moja moja.

---

MsomaRejista

Mkuu umeleta kero tatu, ya tatu hujaiona.

Naanza na hiyo. Rejista 60 moja moja kila milisekunde 50 ni maombi 1200 kwa sekunde. PLC ndogo itachoka, na skrini ya mwendeshaji itaanza kusuasua, halafu utaambiwa "tangu alete kompyuta yake mashine imekuwa nzito". Modbus inaruhusu rejista mpaka 125 kwa ombi moja. Zikiwa zimefuatana, soma zote 60 kwa ombi moja kila sekunde. Joto la boila halibadiliki kwa milisekunde 50. Kama kuna tukio la haraka kweli, PLC ndiyo ilihesabu, wewe usome hesabu.

Na hesabu nazo zina ukomo. Mashine ya chupa 100 kwa dakika inajaza rejista moja ndani ya saa 11 hivi, inavuka 65535 na kurudi 0. Omba hesabu ya biti 32. Ikishindikana, programu yako itambue namba ikirudi nyuma na kuongeza 65536. Ila tofautisha na mwendeshaji aliyebonyeza kufuta hesabu mwanzoni mwa zamu, maana vyote viwili vinafanana usipoangalia thamani ya mwisho ilikuwa ngapi.

Umeme: kwenye Linux iandikishe programu kama huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux), yenye `Restart=always` ili ifufuke ikifa, kisha `systemctl enable` ili iwake kompyuta ikiwaka. Usitegemee muunganisho wa asubuhi kudumu mpaka jioni. Kila unaposoma, weka try, ukishindwa funga, subiri sekunde chache, unganisha upya. PLC inaweza kuchukua muda kuamka kuliko kompyuta yako. Kama ni Raspberry Pi yenye kadi ya kumbukumbu, kukatika ghafla katikati ya kuandika kunaweza kuiharibu kadi. UPS ndogo, na data ziwekwe kwenye SSD. Andika kwanza hapo hapo kiwandani, kutuma nje kufuate, ili bando likiisha usipoteze zamu nzima.

Saa: hapo nadhani una saa tatu zinazogombana. Hifadhidata inaandika UTC (saa ya kimataifa), ukuta wa ofisi uko mbele kwa saa 3, na meneja anasema zamu inaanza saa 1 asubuhi, yaani 07:00, ambayo kwenye UTC ni 04:00. Hifadhi UTC, usiguse. Geuza kwa `ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")` wakati wa kuonyesha tu. Na kwenye ripoti andika "Zamu ya asubuhi, 07:00–15:00" ili asiwepo wa kubisha. Tumia saa ya kompyuta iliyorekebishwa na NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Saa ya PLC nyingi hakuna aliyeigusa tangu siku ya kufungwa.

---

Mwana_Tabata

Hiyo ya saa ndiyo yenyewe! Zamu ya usiku ilikuwa inakatwa katikati na kuingia tarehe nyingine.

---

Mwanachuo_Chuma

Shikamooni wakubwa. Mimi bado mwanafunzi, PLC ya maabara tunagombania watu wengi. Naweza kujifunza bila kuwa nayo?

---

Binti_Otomesheni

Marahaba mdogo wangu. Unaweza kabisa. Pakua OpenPLC, inageuza kompyuta yako kuwa PLC, unaandika ladda (lugha ya michoro ya kupanga PLC) yako mwenyewe na inatoa Modbus TCP. Au tumia seva iliyomo ndani ya pymodbus. Ukiwa Linux iweke poti 5020, kwa sababu poti zilizo chini ya 1024 zinadai ruhusa ya msimamizi. Kwa Siemens, snap7 nayo ina seva yake. Ukitaka kugusa kitu halisi, tafuta mita ndogo ya umeme yenye RS-485 (mawasiliano ya waya mbili) na kigeuzi cha USB. Hapo ni Modbus RTU, hakuna anwani ya IP. Kuna namba ya kifaa 1 hadi 247, kasi kama 9600, na pariti (biti ya kukagua makosa). Pariti ikitofautiana, kimya kitupu. Ikibaki kimya, pindua waya A na B, maana watengenezaji hawaziiti kwa namna moja.

---

Mwanachuo_Chuma

Asante dada. OpenPLC imekubali. Sasa kuna mzee ana chumba cha baridi cha samaki, ameniruhusu nisome kidhibiti chake. Ramani inasema joto ligawanywe kwa 10. Skrini yake inaonyesha -18.0, mimi napata 6535.6!

---

MsomaRejista

Umesoma vizuri, umesahau tu alama ya kutoa. Rejista yenyewe ni 65356. Biti 16 zenye alama zinakwenda -32768 hadi 32767, kwa hiyo:

```
if n > 32767:
    n -= 65536
joto = n / 10
```

65356 toa 65536 ni -180, gawa kwa 10, -18.0.

---

Mwanachuo_Chuma

Imekubali! Sasa mzee anataka joto likipanda juu ya -15 programu yangu imwashie king'ora na kuwasha kompresa ya pili. Niandike kwa amri 5 kwenye koili (biti ya kuwasha na kuzima)?

---

MsomaRejista

Hapana mdogo wangu. King'ora na kompresa ya pili viwe ndani ya kidhibiti au PLC, ili hata laptopu yako ikizimwa samaki wabaki salama. Mwombe fundi wake wa majokofu aweke kikomo hicho kwenye kidhibiti chenyewe. Wewe soma hali ya king'ora kama biti, iandike na saa yake, umtumie mzee ujumbe. Na weka ujumbe wa pili, tofauti, wa kumwambia kuwa umeshindwa kusoma kwa dakika tano. Asije akaona kimya akadhani baridi ipo.

---

MzeeWaRelei

Hapo kijana amejibiwa. Na huyo fundi wa majokofu aitwe mchana, si usiku wa Ijumaa.